Begi la bitana limegoma? Soma dalili kwanza, kufumua baadaye

Nazungumzia lile begi rahisi la kubebea vitu, vipande viwili vya nje, viwili vya bitana (kitambaa cha ndani), mikanda miwili, na tundu moja la kugeuzia ambalo unaliacha kwenye bitana. Tuseme vipande vyako umevikata upana sentimita 40 na urefu 45, mshono unauweka sentimita 1 kutoka ukingoni. Kama vipimo vyako ni vingine haina shida, hesabu ni ile ile.

Kitu ninachotaka ukishike ni kwamba kwenye begi la bitana kosa halionekani pale lilipofanyika. Unakosea kwenye kukata, linajitokeza kwenye mdomo. Unaruka pasi kwenye mbavu, unakuja kulia kwenye mshono wa mwisho wa juu. Kwa hiyo mtu anaona mdomo umekunjamana, anafumua mdomo, anashona tena, umekunjamana vile vile, anafumua mara ya tatu mpaka kitambaa kimeanza kuchanika, na muda wote huo mdomo haukuwa na kosa lolote. Kabla hujashika kisu cha kufumulia piga pasi begi lote, lilaze mezani, chukua rula upime. Nusu ya vitu ambavyo wanaoanza wanaviita matatizo vinaisha kwenye pasi tu, na hapo sitanii.

Bitana imejaa ndani, inaning'inia kama mfuko mwingine

Hili ndo la kwanza kwa malalamiko. Ulikata bitana sawa kabisa na kitambaa cha nje, ukashona kwa kipimo kile kile, na bado ndani imejikusanya chini kama imezidi. Na kweli imezidi. Kitu kinachokaa ndani ya kingine lazima kiwe kidogo kuliko kinachokifunika, na kitambaa cha nje kikiwa kinene, au umekibandika gamu (kile kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi), kinakula nafasi zaidi kwa ndani. Jinzi na turubai ndo balaa kabisa kwa hili, pamba nyepesi kwa pamba nyepesi unaweza usilione.

Kama bado hujaunganisha bitana na nje, una bahati. Pitisha mshono mwingine wa mbavu ndani ya ule wa kwanza, lakini sio kuanzia juu! Juu kabisa anza pale pale kwenye sentimita 1, alafu teremka taratibu ukiingia ndani mpaka ufike kama 1.3 au 1.5 huku chini. Kwa nini usianze juu, nitalisema kwenye kipengele kinachofuata maana watu wengi wanaharibu hapo. Kimo nacho kikizidi, punguza nusu sentimita au sentimita nzima kwenye ukingo wa juu wa bitana kwa mkasi, ni rahisi kuliko kuhangaika na kitako ambacho kona zake umeshazishona.

Kama begi limeshafungwa na umelimaliza, usilifumue lote. Fungua tundu la kugeuzia, ingiza mkono, tafuta kona ya chini ya bitana na kona ya chini ya nje zilizo upande mmoja, zikutanishe kwenye zile nafasi za mshono (kitambaa kilichobaki kati ya mshono na ukingo), uzishikize kwa mkono mishono mitano sita hivi. Fanya na upande wa pili. Bitana haitapungua lakini itakaa mahali pake, haitapanda juu kila ukitoa kitu ndani. Mimi hata begi lililotoka vizuri siku hizi nalishikiza hivi, ni dakika tano tu.

Mdomo wa bitana na mdomo wa nje havilingani

Umeingiza kimoja ndani ya kingine uso kwa uso, unapachika pini, ukifika mwisho kimebaki kitambaa cha ziada upande mmoja. Wengi hapa wanakivuta kile kifupi mpaka kitoshe, au wanakikunja kidogo kile kirefu wanapitisha cherehani juu yake. Usifanye hivyo tafadhali, hiyo mikunjo itaonekana milele, na kile ulichokivuta kitarudi kujikunja siku ya kwanza ya kufua.

Laza vyote viwili mezani, pima mdomo ukiwa bapa. Kwa vipimo vyetu, upana 40 kutoa sentimita 1 kila ubavu, inatakiwa usome 38. Sasa angalia jinsi kosa dogo linavyozaana: ukishona bitana kwa 1.3 badala ya 1, kila mshono wa ubavu unakula kwenye vipande viwili na mishono ya mbavu ni miwili, kwa hiyo zile milimita 3 zinajirudia mara nne na mdomo mzima unapungua sentimita 1.2. Milimita tatu tu! Ndo maana nilisema juu usiguse, punguza kuanzia chini yake.

Bitana ikiwa kubwa, tuseme inasoma 38.6, sogeza kila mshono wa ubavu ndani milimita 3 na imekwisha. Bitana ikiwa ndogo, shona mstari mpya upande wa nje wa ule wa zamani, yaani karibu zaidi na ukingo, kwa urefu kama sentimita 10 kutoka juu ukiungana taratibu na mstari wa zamani, HALAFU ndo ufumue ule wa zamani kwenye hizo sentimita 10. Ukifumua kwanza vipande vinateleza na unapoteza ulikokuwa. Ila angalia nafasi iliyobaki ukingoni, ikiwa chini ya nusu sentimita na kitambaa chako kinachomoka nyuzi, bora upunguze mdomo wa nje ulingane na bitana kuliko kupanua bitana.

Chanzo chake karibu siku zote ni kushona kwa kukadiria. Bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la chini ya sindano, sentimita 1 kamili kutoka sindano inaposhuka, na macho yako yaangalie ukingo wa kitambaa unavyopita pembeni ya huo utepe, sio sindano. Sindano haiendi popote, haihitaji kuangaliwa.

Kitako kinaonekana kidogo kuliko ulivyopanga, au cha nje na cha bitana vimetofautiana

Ulitaka kitako cha sentimita 10, ukakata mraba wa 5 kwa 5 kwenye kila kona ya chini, umeshona mbavu na chini, unapima ukingo wa kona kabla hujaifunga unapata 8. Hukukosea kushona. Ule mraba uliukata kabla ya kushona mbavu na chini, na mishono ikala sentimita 1 kila upande, kwa hiyo 5 ilibaki 4, na mara mbili ni 8. Usiongeze mraba: ukifunga kona kwa mshono wa sentimita 1 kutoka ukingoni, mstari wa mshono unazidi ukingo kwa sentimita 1 kila ncha, na kitako kinatoka 10. Au shona mbavu na chini kwanza, alafu pima 5 kutoka kwenye mstari wa mshono wenyewe, shona juu ya alama hiyo hiyo ndo ukate ziada, hapo unapata 10 vile vile.

Njia zote mbili ni sawa, shida inakuja pale mtu anapozichanganya, labda nje alifanya vizuri jana, leo kwenye bitana anapima 5 kutoka kwenye mshono, anakata hapo, alafu anashona tena sentimita 1 ndani yake. Hapo kitako kimoja ni 10 na kingine 12, na bitana inakataa kukaa hata uifanyeje. Kwa hiyo ukiona bitana imejikunja kwenye kona tu wakati mbavuni iko vizuri, pima kitako kabla ya kitu kingine chochote.

Na kama mshono wa ubavu haukutani na mshono wa chini pale katikati ya kona, umepishana kidogo, ni kwamba nafasi za mishono zilikuwa zimelala upande mmoja. Zielekeze pande tofauti, moja kulia moja kushoto, utahisi kwa vidole zinavyoshikana zenyewe. Choma pini hapo hapo kabla hujashona.

Chini ya kitambaa kuna furushi la uzi

Juu mshono unaonekana mzuri, ukigeuza chini ni vitanzi vimejikusanya, cherehani inanguruma na haisogei. Mtu wa kwanza anayelaumiwa ni bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) kwa sababu fujo iko upande wa bobini. Sio yeye. Vitanzi vya chini karibu kila mara vinatoka kwa uzi wa juu ambao haujakazwa, kwa hiyo wa chini unauvuta wote unashuka nao.

Sababu kubwa ni kutunga uzi mguu wa cherehani ukiwa chini. Ule mguu ukiwa chini, vile visahani vya kukaza uzi vinakuwa vimefumba, uzi unapita juu juu hauingii katikati yake. Inua mguu, toa uzi wote, tunga upya kuanzia mwanzo, na uhakikishe umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka, maana ndo sehemu ya pili inayosahaulika. Kujua kama umefaulu: mguu ukiwa juu, uzi unavutika kirahisi. Shusha mguu, vuta tena, unatakiwa uhisi unakataa kiasi kwamba sindano inataka kupinda. Kama haujakataa hujatunga vizuri bado, haijalishi utazungusha namba ya mkazo mpaka wapi.

Kitu kingine, mishono mitatu minne ya kwanza shikilia ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu. Ukiziachia zinamezwa chini na furushi linaanzia hapo.

Kama vitanzi viko JUU ya kitambaa basi ndo ugeukie bobini. Kwenye cherehani ya bobini ya kudumbukiza juu, ukiishika bobini mbele yako uzi ukining'inia, inatakiwa ionekane kama herufi P, mkia wa uzi uko kushoto. Kwenye zile zenye kikombe cha chuma kinachotoka, kishike kwa uzi wake kining'inie alafu kitikise kidogo: kikishuka kidogo na kusimama mkazo uko sawa, kikiporomoka hadi chini umelegea, na kisipotikisika kabisa umekaza mno. Ile skrubu yake ndogo izungushe robo tu kwa wakati, sio zaidi.

Jaribu kwenye vipande vya mabaki vyenye tabaka zile zile za begi lako, tumia uzi wa rangi moja juu na nyingine chini ili uone nani anamvuta mwenzake.

Sindano inaruka mishono au inavunjika ikifika kwenye mikanda

Pale mkanda unapokutana na mdomo, hesabu tabaka: nje mbili, bitana mbili, mkanda uliokunjwa nne. Ni nane, na gamu hujaihesabu. Sindano ya unene namba 80/12 uliyoshonea pamba haiwezi hapo, itapinda, itaruka, na ikigonga chuma inakatika. Weka 90/14 kwa kitambaa cha wastani na 100/16 kwa jinzi au turubai. Na iwe mpya, sindano ni kitu cha kubadilisha baada ya kama masaa nane ya kushona, wengi wetu tunaingoja mpaka ivunjike. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani ubapa wa sindano unaangalia nyuma, na isukume mpaka mwisho kabisa kabla ya kukaza skrubu, ikibaki chini milimita moja tu mishono itaruka na hutajua kwa nini.

Mara nyingine sindano ni nzima ila mguu umeinamia nyuma kwa sababu unapanda kilima, mbele uko juu nyuma hakuna kitu. Kunja kipande cha jinzi kiwe na unene ule ule, kiweke chini ya mguu kwa nyuma ili ukae sawa, alafu shona hizo sentimita chache kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Usikanyage mota ikusaidie kupita, hapo ndo sindano zinaporukia usoni kwa watu. Ubavuni nako, nafasi za mshono zipasue na uzipige pasi zilale pande mbili, maana zikilala zote upande mmoja unajiongezea kilima kingine.

Mikanda

Mikanda imejificha katikati ya nje na bitana badala ya kutokea juu? Ililala vibaya. Kabla ya kushona mdomo, mkanda unalala juu ya uso wa kitambaa cha nje, kitanzi chake kinaangalia chini kwenye kitako, ncha zake ziko juu sawa na ukingo wa mdomo. Inaonekana kinyume kabisa na akili inakataa, lakini ukigeuza begi ndo inasimama. Fumua pale penye mkanda tu, sentimita tano kila sehemu, ugeuze.

Umejisokota? Ncha moja iligeuka. Kabla ya kushikiza pitisha kidole kwenye ukingo mmoja wa mkanda kutoka ncha hadi ncha, ukingo ulioanza upande wa nje umalizie upande wa nje. Begi likining'inia limeinama upande mmoja, pima umbali wa kila ncha kutoka mshono wa ubavu, zote nne, kwa begi letu sentimita 9 inakaa vizuri. Usipime kutoka katikati kwa macho.

Mkanda unang'oka ndo linaloumiza zaidi, maana unang'oka barabarani begi likiwa limejaa. Kama uliukata mkanda ncha iishie sawa kabisa na ukingo, umeshikiliwa na sentimita moja peke yake. Acha ncha izidi ukingo kwa sentimita 3, ukigeuza begi hiyo ziada itashuka katikati ya nje na bitana, kisha kwa juu shona mraba wenye msalaba ndani yake unaozikamata zote. Kwa begi lililokwisha na ncha ni fupi, kipande cha kitambaa kigumu kinaweza kushonwa kwa ndani ya bitana nyuma ya mkanda, upitishe mraba wako kwenye vyote. Haipendezi sana kwa ndani lakini itabeba.

Hakuna pa kugeuzia

Ulisahau tundu, unashika mfuko uliofungwa pande zote. Fumua sentimita 12 hadi 15 kwenye mshono wa chini wa bitana, sio wa nje, na kabla ya kugeuza rudisha mshono nyuma kwenye ncha zote mbili za hilo tundu, vinginevyo ukivuta begi litaendelea kufumuka lenyewe. Kitambaa kigumu kinataka tundu kubwa zaidi. Ukifanya tundu la sentimita 7 ukavuta jinzi yenye gamu kwa nguvu, utachana bitana na gamu itabaki na makunyanzi.

Na ukigeuza ukakuta mgongo wa kitambaa cha nje ndo unaonekana, basi ulikutanisha nje na bitana mgongo kwa mgongo. Hapo hakuna njia ya mkato, mdomo wote unafumuliwa. Siku nyingine kabla ya kupachika pini jiulize: nikiingiza mkono katikati ya tabaka hizi mbili nagusa nini? Lazima uguse uso wa nje na uso wa bitana, na mikanda iko hapo hapo katikati.

Mdomo una mawimbi, bitana inachungulia kwa juu

Mawimbi yanatokana na kitambaa kuvutika. Ama vipande vilikatwa mshazari, havikufuata mkondo wa nyuzi, ama ulikuwa unavuta kwa mikono wakati cherehani inasukuma yenyewe. Kama ni kuvuta, pasi ya mvuke itakirudisha kwa kiasi, iweke ikandamize, usiiburute. Kama ni mshazari, shikiza utepe wa gamu kwenye mdomo wa begi linalofuata maana hili limeshajiamulia. Mshono wa juu nao uongeze urefu, milimita 3 hadi 3.5 badala ya 2.5, mishono mifupi kwenye tabaka nene inakisukuma kitambaa kitanuke.

Bitana inayochungulia ni ya pasi. Ulipiga pasi mdomo haraka mshono ukiwa umejificha. Uviringishe kwa vidole mpaka mshono uonekane, upeleke ndani milimita 1, bana kwa pini, piga pasi, ACHA UPOE, ndo ushone kwa juu. Kitambaa cha moto kinarudi kilikotoka.

Gamu imetoa vipovu

Pasi iliburuzwa au iliondolewa mapema. Weka, kandamiza sekunde 10 hadi 15, inua, sogea mahali pengine. Vipovu vya muda mfupi vinarudi kulala ukirudia na kitambaa chenye unyevu juu yake, lakini vilivyotokea baada ya kufua mara nyingi havirudi.

Limefuliwa, limejinyonga

Nje iko sawa, bitana imerudi, sasa mdomo unavutwa ndani na mbavu zimepinda. Pamba ambayo haikufuliwa kabla ya kukatwa inarudi ikikutana na maji, na ikiwa nje ni poliesta ambayo hairudi basi ni mmoja anamvuta mwenzake. Begi lenyewe waweza kuliokoa kwa kufungua tundu, kuachia zile kona ulizoshikiza kwa mkono, na kushusha mshono wa chini wa bitana ukingoni kadri nafasi ilivyobaki, saa zingine nusu sentimita inatosha. Kile kipande cha bitana kilichobaki kwenye jora, kifue leo na ukipige pasi kabla hujakirudisha kabatini, ili siku ukikikata kiwe kimeshamaliza kurudi.